Glavu ya Mkono wa Kushoto

Mimi ni msusi, na nikikasirika nasuka kwa nguvu. Wateja wangu wanajua. Siku mdogo wangu alipoingia saluni na bahasha ya kiwandani, nilikuwa na kichwa cha mwalimu mmoja mikononi, na yule mama wa watu alitoka pale macho yamevutika hadi masikioni, maskini.

Mdogo wangu huyu ni fundi wa kukata vitambaa katika kiwanda cha sare za shule. Wanamwita Shoto, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkurugenzi, kwa sababu anakata kwa mkono wa kushoto. Miaka kumi na sita kwenye meza ileile. Mashine yake ni ile yenye wembe mrefu uliosimama mahali pamoja. Fundi ndiye anayesukuma kitambaa, tabaka arobaini kwa mpigo mmoja, na mkono wake mzuri ndio unaotangulia kuuelekea wembe. Anatoa kola arobaini, ukizipanga hujui ipi ilikuwa juu na ipi chini. Niliwahi kumtania kwamba hata mke atamtafuta kwa rula. Alicheka sana, lakini mpaka leo hajaoa, kwa hiyo huenda ni mimi niliyeharibu.

Miezi minne iliyopita wembe ule ulimkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Amebaki na gumba na kidole cha mwisho.

Haya, bahasha. Nikafuta mafuta mikononi nikasoma. Kiwanda kinampa mishahara ya miezi saba, mara moja, yaishe. Akitia saini, hatadai tena kitu maisha yake yote. Nikajiuliza hiyo saba wameitoa wapi. Nikafungua ukurasa wa pili, nikakuta daktari wa kiwanda ameandika hivi: jeraha liko kwenye mkono usio wa kazi, mfanyakazi hutumia mkono wa kulia, anaweza kuendelea na kazi yake ya awali. Na chini yake, eti malipo yamepunguzwa zaidi kwa sababu hakuvaa glavu ya kinga.

"Shoto," nikasema, "umesoma hii?"

"Nimesoma."

"Yote?"

"Yote, dada. Nataka nisaini Ijumaa, yapite."

Weee! Damu ilinichemka mpaka nikasikia masikio yanapiga. Mtu mmemwita Shoto miaka kumi na sita, mmemwita Shoto kwenye orodha za zamu, mmemwita Shoto akiwa analia na mkono umefungwa taulo, halafu siku ya kumlipa mnamgeuza wa kulia! Nikamuuliza kama huyo daktari alimpima akiwa amefumba macho.

Akanieleza taratibu. Mdogo wangu ni wa kuvutwa neno kwa kamba. Daktari alimpa mkono, naye akampa wa kulia. Daktari akampa kalamu, akaipokea kwa kulia. Akaambiwa aandike jina, akaliandika kwa kulia. Daktari akamtazama, akajaza fomu. Dakika kumi tu, wala hakumuuliza anakata kwa mkono gani.

Na mwalimu wa hayo yote ni mimi. Mama alikuwa anashinda kazini, na mimi ndiye niliyemlea. Akimnyooshea mgeni mkono wa kushoto, namchapa kibao kiganjani. Mpe mtu mzima mkono wa kulia! Pokea kwa kulia! Andika kwa kulia, watasema hukulelewa! Nilimtia adabu mpaka ikamkolea, na siku ya daktari ikamponza. Nilikuwa na hasira na kiwanda, na usidhani mwenyewe nilijisamehe.

Nikamwambia hasaini kitu.

"Dada, achana nao."

"Niachane nao vipi? Wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wewe unawaambia asanteni!"

"Watanirudisha mezani. Wameandika naweza."

"Wakurudishe ufanye nini na vidole viwili?"

Akachukua ufagio akaanza kufagia nywele sakafuni, vibaya, anazisambaza badala ya kuzikusanya. Nikamnyang'anya ufagio nikafagia mwenyewe.

Wiki nne nikawa kiguu na njia. Kiwandani nilipokewa na afisa utumishi, bwana mmoja wa tai nyembamba na sauti laini. Akanivutia kiti. "Mama," akasema, "tunauelewa uchungu wenu. Lakini glavu za chuma zipo, na ndugu yako hakuvaa." Nikamwambia mimi si mama yake, na hiyo glavu naomba niione kwa macho yangu. Akaagiza iletwe. Ikaja, imefumwa kwa pete za chuma ndogondogo, glavu nzuri kweli. Nikaivaa nikamnyanyulia. Ilikuwa ya mkono wa kulia.

"Ya kushoto iko wapi?"

"Kila meza ina moja, ndio utaratibu wetu. Mafundi wote ni wa kulia."

"Na Shoto?"

Akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika. Nilimtolea maneno pale ambayo saluni kwangu nawakataza wasichana kuyasema, na mlinzi akaja kunisindikiza nje.

Karibu na geti nikasikia viatu nyuma yangu. Alikuwa mwanamke wa stoo, anajifanya anakwenda kununua maji. Akasema bila kunitazama, "Dada, daftari langu la maombi lina jina lake mara tatu. Glavu ya kushoto, moja. Mara tatu ameomba, na mara tatu msimamizi amekataa na kuweka saini yake. Afisa wa kazi wa serikali akilitaka kwa barua, mimi siwezi kumnyima." Kisha akapaza sauti, ili mlinzi asikie, kwamba sisi wasusi hatuna huruma, kila mwezi bei inapanda. Nikampenda hapohapo.

Nikaenda kwa afisa huyo, barua ikaandikwa, daftari likaenda, na Alhamisi moja asubuhi tukaitwa ofisi ya kazi, ile ya serikali. Chumba chenyewe kidogo, mafaili mpaka juu ya dirisha, feni inazunguka bila kuleta upepo. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Bwana wa tai alikuwa ameshakaa. Shoto alivaa shati jeupe na kuuficha mkono mfukoni. Nikamwambia autoe uonekane. Akautoa, akaurudisha.

Nilizungumza mimi. Niliwaeleza meza, mashine, glavu, daktari wa dakika kumi. Nikasema hii si fidia, hii ni dharau iliyopigwa muhuri. Nikaendelea mpaka afisa akaninyooshea kiganja ninywe maji.

"Daktari ameshaandika," bwana wa tai akasema. "Na mfanyakazi mwenyewe hajawahi kulalamika. Hata leo hatujamsikia yeye. Tunamsikia dada yake."

Ningemrukia, wallahi. Lakini afisa alikuwa amevaa miwani na kufungua daftari la stoo. Akaisoma mistari ile mitatu kwa kidole, mmoja mmoja, kisha akamgeukia Shoto.

"Mwanangu, ulipewa nakala ya ripoti ya daktari. Uliona wameandika mkono wa kulia?"

"Niliona."

"Lini?"

"Siku ileile, mama."

Nikageuka kitini. "Uliona ukanyamaza? Mimi nazunguka mji mzima soli zinaisha, kumbe wewe umekaa nalo moyoni?"

"Dada."

Hakupaza sauti. Lakini kwa mara ya kwanza tangu utoto wake nilimwona amekasirika, tena amenikasirikia mimi.

"Chini ya hayo waliandika naweza kuendelea na kazi yangu," akasema. "Kila aliyeuona mkono huu alinipa pole. Nesi, majirani, wewe. Karatasi ile peke yake ndiyo iliyosema mimi bado fundi. Nilikuwa naisoma asubuhi kabla sijatoka kitandani. Unadhani sikujua ni uongo? Nilijua! Nilitaka nikae nao kidogo tu. Wewe ukaja unaupigia kelele mbele ya kila mtu."

Nikachukua tena glasi ya maji, nikanywa mpaka chini. Mimi, na mdomo wangu huu usio na breki.

Bwana wa tai akaona mwanya. "Basi, kama mwenyewe ameridhika, asaini. Hela za miezi saba zipo tayari." Akasukuma karatasi mezani, na kalamu juu yake.

Shoto aliisoma karatasi ile mpaka mstari wa mwisho. Kisha akairudisha kwa kiwiko.

"Sijaridhika," akasema. "Nakata kwa kushoto. Niliomba glavu nikanyimwa. Mnajua nyote kwamba siwezi kukata tena."

Afisa akamwambia bwana wa tai achukue karatasi yake. Malipo haya si ya haki, akasema, na hatayapitisha. Fundi atapimwa upya na daktari mwingine, wa hospitali, na suala la glavu litahesabiwa kosa la kiwanda. Ndilo nililolitaka, neno kwa neno, na bwana wa tai sasa alikuwa anajifuta jasho. Nikajiandaa kufurahi.

Kisha afisa akavuta karatasi nyeupe, akafungua kalamu. "Mwanangu, maelezo haya lazima niyaandike kama ulivyoyasema wewe," akamwambia kwa upole. "Rudia hilo la mwisho. Taratibu, nisikosee."

"Siwezi kukata tena," Shoto akasema. Akasubiri kalamu imfikie. "Si kola, si mfuko, si chochote."

Wiki nne nilikuwa nimepigania maneno hayo yaandikwe, na alipoyarudia nilitaka kumziba mdomo kwa kiganja changu.