Mkono wa Kushoto wa Mzee Asmani

Watu wa Rumonge wakinisifu kwa piano, husifu mkono wangu wa kushoto. Wanasema unatembea wenyewe, na hata mtu asiyejua jazi anajikuta anatikisa mguu. Mimi hushukuru na kuangalia chini, nao hudhani ni adabu. Ni aibu. Mkono huo nilipewa na mtu, kisha nikamkana mbele ya nchi nzima.

Nilirudi Burundi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania nikiwa na miaka kumi na miwili. Kifaransa sikukijua hata cha kuombea maji, na Kirundi changu kiliwavunja mbavu wenzangu darasani. Mchana nikawa natoroka shule na kwenda kukaa kwenye mashini ya mawese ya Mzee Asmani, kwa sababu pale watu walisema Kiswahili na hakuna aliyenicheka. Asmani ni Mwislamu wa hapa hapa Rumonge, mkali, mwenye mdomo. Ujanani alipiga kinanda Bujumbura, na jazi aliipata kwa kusikiliza santuri za Mgiriki mmoja mwenye baa. Baadaye alirudi kukamua mawese ya baba yake, na mashini ikamla vidole viwili vya mkono wa kulia. Kinanda hakukiuza. Akawa anakipiga kwa mkono mmoja.

Basi ndio huo alionifundisha, na hakuanzia kwenye kinanda. Mashini yake ni pipa la chuma lenye mti mrefu juu yake. Ngazi, ndivyo tunavyoita matunda ya mchikichi, huchemshwa, hutwangwa na kutiwa ndani, watu husukuma ule mti wakizunguka, mafuta yanashuka. Asmani alinishikisha mti akanitaka niimbe huku nasukuma, kila hatua na noti yake, nisirukie mbali wala kusimama. Ngazi zikijaa, mti unakuwa mzito na hatua inachelewa kidogo, na ni kuchelewa huko alikokuwa anakutafuta. Nikienda mbio alinirudisha mwanzo mbele ya akina mama waliokuja na mabidoni yao matupu kungoja mafuta, nao walicheka wee. Kazi ikiisha alinikalisha kwenye kinanda chake, chenye funguo saba zisizolia, akasimama nyuma yangu akinikosoa. Hivyo kwa miaka minne.

Nilipomaliza shule nilikwenda Bujumbura, nikakaa miezi miwili kwa Monsieur Hyacinthe, aliyenifundisha kusoma noti. Mtu mwema, sina neno naye. Siku ya kwanza aliponisikia aliuliza mkono ule nimeutoa wapi. Nikamwambia nimejifunza mwenyewe. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka bila shida.

Wa pili ulikuwa hotelini, hapa ufukweni, ninapopiga kila Jumamosi mchana. Redio moja ya Bujumbura ilikuja kurusha muziki wetu moja kwa moja. Mtangazaji akaniuliza, nusu Kiswahili nusu Kifaransa, ni nani aliyenipa mkono wa kushoto wa namna ile. Mbele yangu walikaa wageni wenye manukato. Nikakumbuka shuleni walivyokuwa wakiziba pua nikipita, wakisema nanuka mawese. Nikasema ni Monsieur Hyacinthe, kanifundisha vyote.

Habari ya upande wa pili nililetewa na Zainabu, mmoja wa wale akina mama wa mabidoni. Asmani alikuwa amesimamisha mashini, jambo asilolifanya kamwe ngazi zikiwa za moto. Alitundika redio kwenye mti, akawaambia wote wanyamaze, sasa hivi watasikia jina lake. Waliposikia jina la mtu mwingine, aliizima, akasema ngazi zinapoa.

Nilikaa miezi mitano bila kukanyaga kwake. Nikienda sokoni nilizunguka njia ya mbali, mtu mzima mimi, ninayefundisha piano kwenye ukumbi wa parokia na kuitwa Madamu.

Kisha akaja Kaoutar, mjukuu wake, na bidoni ya mawese mkononi. Babu kamtuma ajifunze piano kwangu. Nikamkalisha, akaweka mkono wa kushoto, nao ukatembea kama ninavyoujua. Hapo sikuwa na la kumfundisha. Nilimfundisha wa kulia tu.

Mwisho wa mwaka wanafunzi wangu walipiga mbele ya wazazi. Mgeni mmoja akamuuliza Kaoutar mkono ule kapewa na nani. Akajibu bila kusita kwamba ni Madamu Ange. Ukumbi ukanipigia makofi, nikayapokea. Watu walipotoka nilimvuta pembeni nikamuuliza kwa nini kasema vile.

"Babu alisema wakiniuliza niseme ni weye," akasema. "Alisema watu wa piano hawapendake kusikia mambo ya mawese."

Sijawahi kujiona mdogo kama saa ile. Aibu ilikuwa yangu, na mzee alikuwa amenibebea hadi kwa mjukuu wake.

Asubuhi yake nilikwenda kwenye mashini. Akina mama walikuwepo na mabidoni yao, walewale waliosikia redio. Nikasimama mbele yao nikasema yote: nani alinifundisha, wapi, kwa kusukuma nini, na kwamba nilidanganya. Nililia pia. Asmani alinisikiliza hadi mwisho huku anajifuta mafuta mikononi.

"Hapa watu wote walikuwa wanajua, Ange," akasema. "Ni kule ku redio ndiyo hawajue."

Msukumaji mmoja hakuwa amekuja siku hiyo, basi mzee akanionyesha mti, nikaushika nikasukuma hadi mchana.

Sasa naenda kusukuma kila Alhamisi, na tunaongea vizuri. Namba ya yule mtangazaji iko kwenye simu yangu. Bado sijampigia.