Hukumu ya Kabureta Kutoka Chumba cha Eda

Fundi wetu wa kabureta pale Visiga amefariki. Habari zilinikuta shambani kwangu Kisarawe nikipalilia mihogo, na aliyenipigia hakumaliza hata kunipa pole akaniuliza kama namfahamu mnunuzi wa chuma chakavu, maana "yale makorokoro ya marehemu" yamejaza banda. Nilimkatia simu. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua sina ulimi mtamu nikiudhika, na siku hiyo niliudhika kabla sijalia. Mtu hajazikwa, kazi yake ya maisha imeshaitwa makorokoro! Nasema mapema ili msinilaumu baadaye: leo sina upole.

Kwa nyinyi mliokuta magari yana kompyuta, kabureta ni kile kidude kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ikichoka, gari hula mafuta kama lina minyoo, hukohoa mlimani na kuzimika ukikanyaga breki. Pikapu yangu ilianza hivyo miaka mingi iliyopita kwenye vilima vya Kisarawe. Mafundi niliowapitia walikuwa na ushauri wa aina mbili tu: nunua kabureta mpya, au uza gari. Hakuna hata mmoja aliyeifungua. Marehemu alikuwa na desturi iliyowachosha wateja wenye haraka, kwamba hagusi kabureta mwenye gari akiwa hayupo. Alikukalisha kwenye benchi, akatandaza kanga kuukuu, akakupa kabureta mkononi, akakuambia utikise ile pini inayobeba kipepeo cha kupitishia hewa, uone kama imelegea.

"Inacheza?" aliniuliza.

"Haichezi, fundi."

"Basi haijafa. Hao waliokwambia ununue mpya hawajaishika. Huu ni uchafu na gasketi tu."

Aliisafisha, akaweka gasketi mpya, akabadilisha sindano inayofunga mafuta, na jioni ile ile nilipanda vilima vyangu bila kukohoa. Tangu siku hiyo nikawa mbishi kuliko yeye. Kila aliyetaka kutupa kitu nilimwuliza kama amekitikisa.

Lakini sitamsifu kwa uongo. Kulikuwa na mama mmoja wa Kisarawe aliyekuwa akisomba mananasi kwa kigari cha mizigo. Kabureta yake ilikuwa imekwisha kweli: pini inacheza, tundu limepanuka, hewa inaingia isipotakiwa. Fundi, kwa ubishi wake, aliifufua mara tatu, na mara tatu mama akakwama njiani na mzigo wake juani. Baada ya ile ya tatu alifunga banda, akatafuta kabureta nyingine, akaniomba nimpeleke hadi kwa mama huyo.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukubali kosa. Ile haikuwa ya kufufua. Nilijua tangu mwanzo, nikaona haya kusema nimeshindwa."

"Marahaba, baba. Na mananasi yangu yaliyooza, hayo hukuyaonea haya?"

Fundi aliifunga ile nyingine, na tulipokuwa tukirudi akaniambia kwamba fundi asiyeweza kusema "hii basi" ni hatari kuliko fundi asiyejua kufungua. Nilimsikia, ila sikudhani yananihusu.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, nasi tumeufanya msemo huo kuwa dira. Tembea Mkuza, nenda Misugusugu, utakuta pampu za maji, pikipiki na jenereta zimetupwa uani kwa kosa la kuziba tundu moja dogo kuliko jicho la sindano. Na hatuishii kwenye vyuma. Karani mzoefu anaondolewa mezani kwa sababu mfumo umebadilika, wala hakuna aliyemkalisha siku mbili kumwonyesha huo mfumo. Mimi nakataa. Niiteni mshamba, niiteni mzee wa zamani, nakataa.

Siku ya tatu baada ya maziko nilikwenda Visiga na hasira yangu ile ile. Nilikuwa na sababu ya ziada: wiki mbili kabla ya kifo, pikapu ilikuwa imeanza tena kukohoa, na kabureta yangu ilibaki kwenye rafu ya marehemu pamoja na za wateja wengine na zile alizozinunua za vipuri. Nikamkuta mdogo wake marehemu uani na mwenye chuma chakavu, mizani imeshatundikwa. Nikamwambia mdogo wa marehemu kwamba hauzi kitu.

"Kaka, tuna msiba, usituletee hotuba," alisema. "Haya, nisipouza, nani atazifungua? Wewe na kalamu yako?"

Ndipo sauti ya mjane ikatoka ndani, nyuma ya pazia.

"Shemeji, nileteeni humu. Zote."

"Shemeji, wewe uko eda. Mambo ya banda tuachie sisi."

"Eda imenizuia kutoka. Haijanizuia kujua kabureta."

Zikaingizwa ndani kwa karai. Tulisimama uani tukisikia pini zikitikiswa moja baada ya nyingine, na dada yake mjane akizitoa pamoja na hukumu: hii ifunguliwe, hii itoe vipuri, hii apewe mwenye mizani. Miaka yote nilimwona mjane huyo akiinamia sinia upenuni, nikidhani anachambua mchele. Kumbe alikuwa akisafisha vijitundu na kupanga sindano za mumewe. Naandika haya kwa aibu. Mwenye mizani aliondoka na tatu tu.

"Na atakayezifungua ni mimi," alisema mjane. "Eda ikiisha nafungua banda. Wenyewe waambiwe wasubiri."

Nikataka kushangilia. Lakini dada yake alitoka na ya mwisho, na niliitambua.

"Hii ya mwandishi, mwambieni anunue nyingine. Inacheza. Marehemu aliiona, akawa anatafuta namna ya kumwambia," alisema mjane kutoka ndani.

Nililia pale pale uani, mbele ya watu. Pikapu sasa ina kabureta nyingine na inapanda vilima vizuri. Ubishi wangu bado ninao, ndugu msomaji, nami nakuachia: asiyeishika asikuambie imekufa, mkatalie mchana kweupe. Lakini aliyeishika, akaitikisa, akakuambia imekwisha, mwamini, hata kama ni yako.