Meno Kumi ya Bramwel

Bramwel simpendi, na sitajifanya nampenda eti kwa sababu nimeamua kumwandika. Ana miaka hamsini na kitu. Alitoka Vihiga akiwa kijana, na miaka yote hiyo amekaa Changamwe akifungua difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, za malori yanayotoka bandarini Kipevu, bila kujifunza kusalimu. Ukifika gereji kwake ukamjulia hali, anakutazama kana kwamba umemkanyaga. Kisha anauliza, "Shida ni nini?"

Shida yangu ilikuwa Toyota DX yangu ya zamani. Siku za kazi naendesha foklifti kwenye yadi ya makontena. Jumapili moja kwa mwezi nashindana na saa: koni hupangwa uwanjani Miritini, kila mtu huzizunguka peke yake, mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Mwaka huu klabu yetu ilikuwa inachagua madereva wanne wa kwenda kushindana Nakuru. Nilikuwa wa nne. Lynnette, wa tano, alikuwa nyuma yangu kwa nusu sekunde, na ilibaki raundi moja. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote tangu nizaliwe.

Lakini kila nilipokata kona kali, gurudumu la ndani lilizunguka bure vumbini na nguvu yote ya injini ikaishia hapo. Dawa yake ni difu ya sahani. Ndani mna sahani zinazosuguana na kuyalazimisha magurudumu yote mawili ya nyuma yasukume, ila huachia kidogo ili gari likubali kugeuka. Halafu kuna meno ya pinioni, ile gia ndogo inayozungusha ile kubwa: yakiwa machache gari huondoka kwa kishindo, lakini kila gia huisha upesi, yaani hufika mwisho wa kasi yake mapema. Mimi nilitaka meno tisa.

Nilimwambia hivyo Bramwel, naye akaja uwanjani kujionea. Mama yangu alikuwa ameketi kando na chupa yake ya chai. Bramwel akampita kama anapita kiti. Alitembea kati ya koni mara mbili, akihesabu hatua, kisha akatoa hukumu.

"Meno kumi. Ukiweka tisa, gia ya pili itaisha kabla ya koni ya mwisho. Utabadilisha gia hapo katikati, na wewe kubadilisha gia hujui."

Mbele ya mama yangu!

"Kadzo, mwanangu," mama akasema, "mtu mzima huyu hata shikamoo hana?"

Basi nikaenda mtaa wa Ziwa la Ng'ombe kwa fundi Baya. Baya ni mtu wa watu. Aliuliza habari za nyumbani, za kazini, za goti la mama. "Dadangu, dereva ni wewe," akasema. "Ukitaka tisa, inshallah ni tisa." Siku ya tatu akanifungia difu ya sahani, kwa maneno yake. Aliinua gari kwa jeki, akazungusha gurudumu moja kwa mkono, na la pili likafuata upande uleule. Katika difu ya kawaida lingerudi kinyume. Nikaridhika, nikanywa na soda yake.

Siku ya mashindano, kona ya kwanza gari lilikataa kugeuka. Likaenda moja kwa moja, likazoa koni. Ya pili vilevile. Ya tatu nikalilazimisha, na ekseli ya kulia ikakatika kwa mlio uliosikika hadi kwa mama.

Lynnette alipita baadaye na difu aliyofungiwa na Bramwel, meno kumi. Kuanzia kona ya pili hadi mwisho hakugusa gia. Nafasi yangu ikaenda hivyo, nami nimesimama na helmeti mkononi.

Kesho yake simu ya Baya haikupatikana. Nikampelekea Bramwel ile difu. Aliifungua, akaimulika. Hamkuwa na sahani hata moja. Gia za ndani zilikuwa zimechomelewa pamoja, kitu kimoja.

"Lakini magurudumu yalizunguka pamoja," nikasema.

"Ukichomelea lazima yazunguke pamoja. Ukitaka kujua, unashika gurudumu moja, ingine unaizungusha na spana ndefu. Ya sahani itaachia. Hii haiwezi. Ni kazi ya dakika mbili. Huyo fundi alikukataza kujaribu?"

"Hakunikataza."

"Wewe ulitaka mtu wa kukuongelesha vizuri," akasema, akifuta mikono. "Si umeongeleshwa vizuri?"

Nilimchukia siku hiyo kuliko siku zote, maana hakuwa amekosea popote. Nilitaka kumtukana. Badala yake nikajikuta namuuliza kama ana nafasi ya kunifungia nyingine wiki ijayo.

Akasema hana.