Panya wa Waziri

Kwenye ploti ya sita aliyokwenda kutafuta chumba, Jeconia Oluoch hakungoja kuulizwa. Alifunua kikapu, paka akachungulia. Kule mitaa ya Langas na Huruma walimwonyesha vyumba na bomba la maji kwa tabasamu, kisha kikapu kikalia nyau, na sheria za landlodi zikaanza kusomwa: watoto watano ruhusa, paka mmoja hapana. Nyumba aliyokuwa akikaa ilikuwa imeuzwa, na siku alizopewa kuhama zilikuwa zimemwishia.

Paka alikuwa wa Amondi, bintiye wa pekee. Ndiye aliyemwita Waziri, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kula na kusinzia. Mwezi Machi, hospitalini, homa ya mapafu ikimmaliza, alisema, "Baba, usiache Waziri alale nje." Jeconia alimzika, akarudi kazini, na hakulia. Watu walimsifu kwamba amejikaza. Hakuwa amejikaza. Hakuhisi kitu, kama mdomo uliodungwa sindano na daktari wa meno.

Mwenye ploti hii, Mama Ciru, aliuza mahindi. Alimtazama Waziri kwa muda.

"Hiyo paka inashika panya?"

"Inashika," alisema Jeconia. Waziri alikuwa na miaka kumi na moja na meno mawili.

"Sawa. Hapo chini ni stoo, niko na magunia ya mahindi kutoka mashamba ya Ziwa. Wiki ikiisha sijaona panya amekufa, mnahama wote wawili."

Bahati nzuri, Jeconia alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga, ambako mitego haikosi kitu. Kila jioni alichagua panya mwenye sura ya kuridhisha, akamfunga kwa gazeti. Saa kumi na moja asubuhi, kwa baridi ile ya Eldoret inayouma masikio, alishuka ngazi kumlaza mlangoni pa stoo. Waziri alibaki juu, akikoroma kitini kwenye sweta ya Amondi. Mama Ciru alimsifia paka kwa wapangaji wote, na hilo nalo halikumfurahisha Jeconia wala kumtia aibu.

Mwezi ukapita. Asubuhi moja mlango wa stoo ukafunguka akiwa ameinama, mkia wa panya mkononi.

"Mzee Jeconia," alisema Mama Ciru, "nilikuona siku ya pili. Halafu panya wa hapa hawana unga kwa masharubu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mtu mzima anaamka hii saa sababu ya paka, nikajua hayo si mambo ya panya. Paka ni ya nani?"

"Ya msichana wangu. Alikufa Machi." Alisema kama mtu anayetaja bei ya unga.

"Pole sana. Paka ikae. Kesho usiniletee kitu. Lala."

Kesho yake Jeconia aliamka saa kumi na moja vilevile. Mkono ukapapasa gazeti, hakukuwa na gazeti wala panya. Akakaa kitandani bila la kufanya. Waziri akashuka kitini, akaja kumlalia mapajani. Sweta ikabaki pale peke yake, mikono ikining'inia, vifungo viwili havipo. Amondi alikuwa amesema atavishona. Jeconia akaitazama, akalia mpaka kukapambazuka.