Kaka Yangu Aliyesema Ameshiba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hata nikijaribu kuifukuza. Wakati huo nilikuwa bado kijana, kijana wa miaka sitini na kitu, naweza kushuka kutoka huku kwetu kwenye kahawa mpaka barabarani bila kusimama kupumzika. Usicheke. Ukifika umri wangu utajua kwamba sitini ni ujana. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya makao ya wazee kule Moshono, bakuli tupu mapajani, na kichwa changu kimevurugika kabisa. Sikujua kama kaka yangu anatunzwa mle ndani au anauawa.

Kaka yangu Lembris alinizidi umri kwa mbali. Sisi ni Waarusha wa Ngaramtoni. Mimi nikaolewa huku mlimani kwa Wameru, yeye akabaki na ng'ombe zake. Mke wake wa kwanza alifariki, akaoa tena uzeeni binti wa Oldonyo Sambu, na yule naye akatangulia, maskini, angali mbichi. Kaka akabaki na Loserian, mwanawe wa mke wa kwanza, dereva wa lori, ambaye wiki nzima hayupo. Ikatokea siku kaka akateleza zizini, akalala palepale chini tangu asubuhi mpaka ng'ombe waliporudi jioni. Loserian akanipigia simu analia. "Shangazi, siwezi kuendesha lori na kumwangalia baba kwa wakati mmoja," akasema. Watu walisema sana, maana kwetu kumpeleka mzee kwa wageni ni sawa na kumtupa. Lakini maneno ya watu hayambadilishi mzee nguo, kwa hiyo tukatafuta mahali.

Mimi ndiye niliyetumwa kukagua. Ukoo mzima unajua nina jicho, na ulimi pia, hilo nalo wanalijua. Nilipofika Moshono nikapitisha kidole juu ya makabati, nikanusa mashuka, nikafungulia mabomba, nikaingia vyooni bila kubisha hodi. Nikafunua masufuria jikoni. Palikuwa pasafi kuliko nyumbani kwangu, na sisemi hivyo kirahisi. Mlezi mmoja, msichana wa Singida jina lake Upendo, alikuwa anamkata mzee mmoja kucha huku wakicheka. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi nikajiona nimeingia ndani kwa sababu nimeona choo.

Miezi ya kwanza kaka alinenepa. Akawa ananipigia simu kunisimulia habari za dunia alizoziona kwenye televisheni, kana kwamba mimi naishi shimoni. Nikafurahi. Kisha simu zikapungua, na nilipokwenda kumwona nilikuta koti linamning'inia mabegani.

"Kaka, unakula?"

"Nakula."

"Wanakupa chakula cha kutosha?"

"Hapa ni pazuri sana," akasema. "Watu wazuri, kitanda kizuri."

Nikapapasa mashuka na kunusa masufuria upya, kisha nikamfuata Upendo, nikamwuliza kwa sauti ambayo majirani wote wa Moshono waliisikia. Yeye naye macho yakamjaa machozi. "Bibi, kila siku tunampakulia, kila siku anasema ameshiba. Daktari amempima, haoni ugonjwa. Sijui nifanye nini." Nilitaka kumwona mwongo, nikamtazama vizuri, sikumwona mwongo. Sasa nani anadanganya? Aisifuye mvua imemnyea, na kaka yangu alikuwa anaisifu ile nyumba huku mifupa yake ikinieleza habari nyingine.

Safari iliyofuata nikaja na loshoro, ule mseto wetu wa mahindi na maziwa ya mgando. Nikampa chumbani kwake, tuko wawili tu. Alikula mpaka akakomba bakuli kwa kidole, mtu mzima yule, mzee wa kanisa. Nikamwambia basi twende nyumbani. Akanishika mkono kwa nguvu. "Usinitoe hapa," akasema. "Na usigombane na mtu."

Ndipo nilipotoka na bakuli langu nikakaa kwenye ile benchi. Fikiria, mwanangu. Mtu ana njaa, lakini chakula anakirudisha. Anakonda, lakini hataki kuondoka. Walezi wanaonekana wema, daktari haoni kitu, mashuka yananukia sabuni. Loserian alikuwa amekwisha kusema kwamba Jumamosi anakuja na gari kumchukua baba yake, na kwamba atawashtaki wale watu ustawi wa jamii. Amchukue ampeleke wapi? Kwenye lile zizi? Nikaogopa kwamba akibaki atakufa na akiondoka atakufa, na mimi ndiye niliyesema pale panafaa. Nililia pale nje kama mtoto aliyepotea sokoni.

Ijumaa nikarudi bila kupiga simu. Safari hii sikugusa shuka la mtu. Nikamwambia Upendo, "Nataka kukaa tu, niwaone wakila." Nilidhani atatafuta sababu. Akaniletea kiti.

Wazee waliingia taratibu, wengine kwa mkongojo, wengine wakisukumwa, wakaketi kwenye meza moja ndefu. Siku hiyo ilikuwa makande. Kaka akaketi ubavu ubavu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, anatazama ukuta. Kijiko hakukigusa. Mbele yake aliketi mama mmoja mzee, mwembamba, naye amejigeuza upande wa pili, kajifunika khanga karibu uso mzima. Sahani yake nayo ilikuwa imejaa.

"Na yule?" nikamwuliza Upendo.

"Yule ndiye mwenzake kwa kugoma kula. Alikuja mwezi ule babu alipoanza kukonda. Niliwakalisha pamoja makusudi, bibi. Ndio wawili tu wanaojua Kiarusha humu ndani. Nikasema wapige stori, wasijisikie wapweke."

Bado sikuelewa. Nakwambia ukweli, nilisimama pale na umri wangu wote nisielewe. Nikangoja watu wamalize, nikamfuata yule mama kibarazani, nikamwamkia kwa Kiarusha. Uso wake ukafunguka. Nikamwuliza ametoka wapi, akasema Oldonyo Sambu. Nikamwuliza ni wa nani. Akanitajia dada yake, marehemu. Huyo dada yake ndiye aliyemzaa yule binti aliyeolewa na kaka yangu.

Kwetu, mwanangu, mama mdogo ni mama. Na mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe hali mbele ya mkwewe. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Si ugomvi, ni heshima, na heshima hiyo haina likizo hata kama binti aliyewaunganisha yuko kaburini. Wale wazee wawili walikuwa wamekalishwa ana kwa ana, kila mlo, kwa wema mtupu.

Nikacheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka. "Mama," nikasema, "kwa nini hamkusema?"

Akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. "Wewe ndiye dada yake? Nimekuona ukija. Unapapasa mashuka, unanusa masufuria. Ulimwuliza nani anakaa mbele yake? Umeolewa kwa wala ndizi, basi umesahau na mila." Akaivuta khanga yake. "Mimi sina mtu. Ningesema, wangeamua mmoja wetu aondoke. Na yule mwanaume ni mwungwana, asingekubali niondoke mimi."

Nilipomwuliza kaka akanijibu karibu maneno yaleyale. "Yule mama hana pa kwenda. Mimi nina Loserian. Na ningekwambia wewe ungefanya nini? Ungepiga kelele." Na kweli, kelele nilikuwa nimekwisha kuzipiga.

Nilipomweleza Upendo alijishika mdomo. Hakujitetea, wala hakusema mila za kale zimepitwa na wakati, kama nilivyokuwa najiandaa kumsikia akisema. Akahamisha viti jioni ileile, mmoja upande huu wa chumba na mwingine upande ule, kila mmoja kampa mwenzake mgongo. Kisha nikamwona anazunguka kwa mzee mmoja mmoja, anachuchumaa na kuuliza, "Babu, kuna mtu ambaye huwezi kula mbele yake?" Mzee mmoja Mchaga akamwambia hawezi kula mbele ya ile televisheni. Usiku ule kaka alikula sahani mbili. Jumamosi Loserian alikuja na gari, akaondoka nalo tupu.

Sasa uniulize, ile nyumba ilikuwa nzuri au mbaya? Hadi leo nikifikiri napotea. Wazee wawili nusura wafe njaa mbele ya sufuria lililojaa, na waliokuwa wanawaua njaa ni watu waliowapenda. Siwezi kusema walikuwa wabaya, na siwezi kusema hapakuwa na ubaya. Labda ndivyo kutunza kulivyo.

Nililo na hakika nalo ni hili. Ukienda kupima mahali pa kumweka mzee wako, tazama usafi, ndiyo, lakini usiishie kwenye usafi. Kaa hapo wakati wa chakula mpaka mwisho, uone ni nani asiyekula. Mwulize mzee kwa lugha aliyonyonya nayo, na jibu la kwanza usilipokee haraka, maana wazee tunaficha njaa ili tusiwe mzigo, na mficha maradhi kifo humuumbua. Mweleze mlezi mila za mzee wako kabla hujaaga, asiachiwe abahatishe. Kisha mwambie mlezi huyo kosa lake, utazame uso wake. Akikasirika, funga virago. Akivuta kiti akusikilize, mwachie mzee wako, maana makosa hayataisha, na wewe unahitaji mtu atakayeyaona.

Na mimi miguu imeanza kugoma, mwanangu. Nawasikia mkinong'ona jikoni mkidhani nimelala. Msinong'one. Nitafutieni mahali, sina kinyongo. Niombalo ni moja tu: nikiwaambia nimeridhika, msiwashe gari papo hapo.

Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kukaa. Ng'ombe wako wazae, kahawa yako iive, watoto wako wakuzidi akili. Na uzee wako, utakapokuja, ukukute na mtu wa kukuuliza mara ya pili.