Simba wa Kwenye Simu Alikunywa Chai Kwangu

Kama umekuja kunicheka, cheka sasa umalize, ndio tuongee. Nimechoka kukatizwa maneno. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwangu nyumbani, Kitengela upande wa mbugani, na hakukuwa na giza lolote. Visa vya watu wengine huwa vya usiku wa manane. Changu kilikuwa saa kumi jioni, jua linawaka mpaka mabati yanalia, na sikuwa nimekunywa kitu isipokuwa chai.

Wacha nianze na simu, maana simu ndiyo iliniingiza kwa haya yote.

Sisi tunafuga kondoo. Mimi na mume wangu, Baba Njeri, tulishuka kutoka Nyeri wakati huku kulikuwa nyasi tupu, na mali yetu yote ni hao kondoo. Wakiisha, sisi tumeisha. Majirani zetu ni Wamaasai, na jirani mwingine ni simba, kwa sababu upande wetu mbuga haina ua. Kulikuwa na dume moja zee ambalo watu wa wanyama walikuwa wamelivalisha kola shingoni. Ile kola inaongea na setilaiti, setilaiti inaongea na simu zetu. Simba akikaribia boma la mtu, simu inalia na kidoti chekundu kinatokea kwa ramani. Unatoka, unawasha taa, unapiga debe, anaenda zake. Tuliishi hivyo vizuri tu, hata tulikuwa tumemzoea.

Halafu ramani ikashikwa na wazimu. Kupiga simu kulikuwa sawa, ni ramani tu. Boda wa kuniletea gesi alipelekwa na simu yake mpaka Tuala, akanipigia akifoka kama mimi ndiye nimehamisha nyumba. Siku nyingine nikaangalia yangu, ikaniambia niko katikati ya uwanja wa ndege. Uwanja wa ndege, na niko jikoni nakaanga vitunguu! Lemayian, jirani yetu ambaye kazi yake ni kufuatilia simba, akatuambia kuna wezi wa malori kwa barabara ya Namanga wanaotembea na kamashine fulani. Hako kamashine kanapiga kelele kushinda setilaiti, ndio mwenye lori asijue lori lake limeenda wapi, na simu zote za karibu zinachanganyikiwa. Sawa, wezi ni wezi. Lakini na simba je? Kidoti kikawa kinarukaruka kama panzi. Simu inalia, tunatoka mbio na matochi, hakuna kitu. Tunalala, inalia tena. Watu wakaanza kuzima simu.

Siku yenyewe Baba Njeri alikuwa amepeleka madume ya kondoo sokoni Kajiado. Niko peke yangu na kondoo wako zizini. Simu ikalia. Kuangalia, simba yuko langoni. Nikaiambia, toka hapa na uongo wako. Lakini nikachungulia, na langoni kulikuwa na mtu.

Ni mzee mrefu, mabega mapana, shuka nyekundu iliyopauka, na shingoni amejizungushia skafu ya sufu, kwa joto lile.

"Takwenya," akasema.

"Iko," nikajibu. Salamu za Kimaasai nimezijua miaka mingi.

Sauti yake ilikuwa nzito, niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Na kondoo zangu, ambao hupiga kelele hata paka akipita, wakanyamaza wote pamoja.

Sasa hapo ndipo kila mtu ananiuliza, mbona ulimfungulia? Wewe ungefanya nini? Mgeni haulizwi jina wala shida mlangoni. Anaketi, anakunywa chai, ndio anaulizwa. Kwa Wakikuyu ni hivyo na kwa Wamaasai ni hivyo. Ukimuuliza kabla ya chai umemfukuza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuwa wanakaa Kitengela.

Nikamkalisha, nikammiminia chai. Simu ikalia tena. Kidoti kimeingia ndani ya boma. Kabla sijaiweka chini Lemayian akapiga.

"Mama Njeri, uko wapi?"

"Niko nyumbani."

"Usitoke nje. Simba yuko kwako."

"Kwangu wapi?"

"Ndani ya nyumba. Hapa naona ni kama amekaa kwa kiti."

"Kwa kiti kuna mgeni anakunywa chai, Lemayian. Hiyo mashine yenu ichomwe."

"Mgeni gani?"

"Sijamuuliza. Hajamaliza chai."

Lemayian akasema polepole, "Mama, usimpe mgongo. Nakuja."

Unaweza kuamini? Mtu mzima ananiambia nisimpe mgeni mgongo. Nilikasirika sana. Nikageukia yule mzee, nikamwambia, "Unawasikia hawa? Wanasema wewe ni simba."

Hakucheka. Chai alikuwa ameimaliza kwa mkupuo mmoja, chai ya kutoka motoni, bila kuipuliza. "Hao watu hawapumziki," akasema. Kisha, "Mama, niko na shida."

"Sema."

"Hii kitu ya shingo. Walinifunga nikiwa nimelala. Hawakuniuliza. Nitolee."

Akafungua skafu. Chini yake kulikuwa na mkanda mpana, mgumu, una kijisanduku upande wa koo. Chini ya mkanda nywele zilikuwa zimekwisha na nyama imechubuka, mpaka nzi wameingia. Wewe utasema hapo ningejua. Nisikilize. Mimi niliona kidonda. Mungu anisamehe, sikuona simba, niliona kidonda cha mtu mzee.

Na hiyo simu ikaanza tena! Kengele, kengele, kengele. Haki nikachoka. Nilichoka na ramani, na setilaiti, na wezi wa malori, na Lemayian na mgongo wake. Nikaizima kabisa, nikachukua makasi yetu ya kupunguza kwato za kondoo, nikasimama nyuma ya yule mzee nikaanza kukata. Ulikuwa mgumu kama tairi. Shingo yake ilikuwa na joto la jiko. Hakutikisika hata niliposhtukia nimemdunga.

Mkanda ulipokatika alivuta pumzi ndefu sana, mpaka pazia likasogea.

"Kondoo zako hawataguswa," akasema. Hata asante hakusema. Akainuka akatoka.

Nilienda dirishani. Alipita langoni bila haraka, na kondoo wote waligeuza vichwa kumfuata. Nikageuka kuweka kikombe chini, kuangalia tena, hakuna mtu. Na usisahau kwetu ni uwanda, huwezi kujificha hata ukitaka. Lemayian aliingia baadaye na rungu, akanikuta nimekaa, kola iko mezani kando ya kikombe. Akaiokota. Ndani yake kulikuwa kumekwama nywele nyeusi ngumu, za urefu wa kiganja.

Basi simba akawa hana kola, na hakuna simu inayolia. Akala mbuzi za Lemayian. Akala ndama wa mama mmoja mjane ng'ambo ya barabara. Asubuhi tunaona nyayo: zimekuja, zimepita kando ya zizi langu, karibu kabisa, zimeenda kwa mwingine. Wangu hakuna aliyeguswa hata sikio. Ulifikiri ningefurahi? Watu wana macho. Walianza kunisalimia wakiwa mbali.

Watu wa wanyama wakaniita Kajiado nijieleze. Nikapanda basi na Baba Njeri, nikaketi mbele ya afisa mmoja, nikamwambia vile nimekuambia wewe. Kola alikuwa nayo kwa droo. Walikuwa wameitoa betri, imekufa kabisa, alinionyesha. Nikiwa katikati ya maneno, simu yake ikalia hapo mezani. Akaiangalia. Akaangalia droo. Akaniangalia mimi.

"Inasema nini?" nikamuuliza.

"Ni muingiliano wa mawimbi tu, mama," akasema. Lakini alikuwa amesukuma kiti chake nyuma.

Muingiliano wa mawimbi! Kila kitu wasichokielewa ni muingiliano wa mawimbi. Wale wezi wa malori walishashikwa. Ramani zimepona, boda anafika kwangu bila kuuliza njia. Huyo simba wameshamfuta kwa mtambo wao mara mbili, na mara mbili amerudi. Na mahali nilipo, ndipo alipo. Nikienda kanisani, tukiinamisha vichwa kuomba, simu zinaanza kulia kutoka viti vya nyuma mpaka mbele, na akina mama wanavuta watoto. Nikienda kwa posho kusagisha mahindi, foleni inaisha yenyewe. Lemayian, niliyempa maziwa miaka yote hiyo, alinipigia kuniuliza kwa heshima kama siku hizi nalala vizuri.

Kwa hivyo nisikilize vizuri wewe unayetabasamu. Mgeni akija, mpe chai. Akikuonyesha kidonda, mpe dawa. Lakini akikuomba umfungue kitu ambacho hukumfunga wewe, kataa, hata kama analia. Kitu kama hicho hakibaki mezani. Kikitoka kwa shingo moja kinatafuta nyingine.

Baba Njeri yeye alisema huo ni upuuzi. Alisimama nami Kajiado, akagombana na watu kanisani kwa ajili yangu. Nilijua hata wote wakiniacha, yeye yuko. Juzi nilichelewa kidogo sokoni, nikafika lango letu jua likizama. Nikakuta limefungwa kwa ndani. Nikasikia simu yake ikilia nyumbani, ile kengele. Ikazimwa. Nikabisha. Nikamwona kwa mwanya wa mabati, amesimama uani, ameshika tochi mkono mmoja na panga mkono wa pili.

"Fungua, mizigo inanikata mikono," nikasema.

Hakusogea. Na huyo mwanaume, niliyemzalia watoto, ambaye najua anavyokoroma na anavyopenda ugali wake, akaniuliza kupitia mabati, kwa adabu kabisa, "Wewe ni nani?"

Hata mgeni haulizwi hivyo langoni. Nikamtajia jina langu, lile la ujana, ambalo ni yeye tu analijua. Kondoo walikuwa kimya. Nilisimama hapo na mizigo yangu muda mrefu kabla sijasikia komeo likivutwa.