Sista wa Kiti cha Tatu

Mimi nikimshuku mtu huanza na viatu vyake. Siku ya kwanza nilipokwenda kumwona binti yangu kule kwenye nyumba ya malezi ya masista, sista mlezi alinipokea akiwa na ndala zilizolika kisigino, nikajisemea, huyu anataka nimwonee huruma. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Akanipa Tumsifu Yesu Kristo, akanipa na shikamoo juu yake, akanipokea kikapu, akanitangulia mpaka chumba cha wageni. Mle ndani palikuwa na viti vitatu na sisi tulikuwa wawili, mimi na mwanangu.

Cha tatu kilikuwa chake. Alikaa karibu na mlango, akatoa uzi na sindano ya kufumia, akaanza kufuma kitambaa cha meza. Mimi nikaongea na mwanangu habari za nyumbani, na kila nilipotaka kusema jambo la maana jicho langu lilikwenda kwenye ile sindano. Niliporudi nyumbani Ngamiani sikuwa nimesema hata robo ya niliyoyapeleka.

Niseme mimi ni nani ili nisionekane mwendawazimu. Ni fundi cherehani, nashona barazani pa nyumba ninayopanga, sare za shule hasa, na magauni ya harusi zikitokea. Mbondei wa Muheza. Marehemu mume wangu alitoka bara akiwa kijana kuja kukata mkonge, tukakutana kanisani, tukahamia mjini. Nilizaa watatu, Mungu akaniachia mmoja, huyo binti. Kwa hiyo nikisema mwanangu sina mwingine wa kumchanganya naye.

Alipomaliza kidato cha sita nilikuwa nimeshampangia: akae nami, tufungue duka la nguo mtaa wa Usagara, yeye asimamie, mimi nishone. Yeye akaja kuniambia anataka kuwa sista. Na hakuniambia nyumbani. Aliniambia nje ya kanisa baada ya misa, paroko kasimama hapo hapo anatabasamu. Nikaona wazi kwamba wameshamfundisha. Mtoto aliyelala kitanda kimoja na mimi mpaka ana miaka kumi na mbili, leo anahitaji padri wa kumshikia maneno? Mbele ya paroko ningesema nini? Nikasema mapenzi ya Mungu yatimizwe, nikarudi nyumbani nikavunja sahani.

Usista hauingiwi kwa siku moja. Msichana hupita malezi ya miaka, na mwaka wenyewe mgumu ni wa unovisi: hana simu, hatoki, na wageni huruhusiwa Jumapili moja tu kwa mwezi. Mwaka ukiisha anaweka nadhiri za kwanza, ufukara, useja na utii. Akishaziweka, kumtoa ni kazi. Mimi nilikuwa na huo mwaka mmoja tu, nami niliazimia kujua kama mwanangu yuko kule kwa hiari yake au ameshikwa.

Maana dalili zilikuwepo. Nilimuuliza, unakula? Akajibu, nakula mama, tunamshukuru Mungu. Unalala? Nalala mama, tunamshukuru Mungu. Mwezi uliofuata majibu yakawa yale yale, kama mtu anayesoma ubao. Alikuwa amekonda na viganja vimekuwa vigumu kwa jembe. Siku nyingine tulikuwa katikati ya maneno, namweleza jinsi shangazi yake alivyolazwa naye ananijibu, kengele ikalia huko ndani, akainuka. Sentensi yake mwenyewe aliiacha nusu. Nikamwambia malizia basi. Akasema, "Kengele ikilia tunaacha mama, hata ukiwa unaandika herufi unaiacha hapo hapo." Sista mlezi naye akakunja uzi wake.

Nikajaribu ujanja. Mlezi alikuwa mtu wa bara, nikasema lugha yetu haijui. Jumapili ya wageni iliyofuata nikabadilisha, nikamsemesha mwanangu Kibondei, nikamuuliza kama wanamtesa na kama anataka kurudi. Akanielewa vizuri, nilimwona anavyomeza mate. Akanijibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kusikika, "Mama, tuongee Kiswahili, Sista naye asikie." Damu ikanichemka. Mtoto wangu ananikataza kilugha cha mama yangu kwa ajili ya mtu anayefuma vitambaa!

Halafu likaja la sketi. Nilimshonea sketi ya kazi, kitambaa kizito cha kaki, nikaiwekea mfuko wa ndani na mshono wa mara mbili ninaoujua mimi. Mwezi uliofuata nikiwa getini nikaiona sketi yangu inapalilia mchicha, na ndani yake yumo msichana mwingine, mnene, imemkaba kiunoni. Fundi haijui kazi yake? Nilimfuata nikainama kuangalia pindo, maskini binti wa watu akaniamkia huku anarudi nyuma. Mwanangu nilipomuuliza alicheka tu, akasema vitu vinavyoletwa huenda stoo, anayehitaji ndiye anayepewa. Na wewe huhitaji? "Mimi ninayo mama, ya mwenzangu ilichanika." Moyoni nikasema hawa wameanza na sketi.

Haya yote nilikuwa namhadithia jirani yangu, mwanamke wa Kidigo, chumba chake na changu ukuta mmoja. Huuza mbaazi na maandazi asubuhi, na mchana huja kukaa karibu na cherehani langu. Yeye ni Mwislamu, mambo ya masista anayatazama kwa mbali, lakini mdomo anao. "Nyie wenzetu mnamwoza mtoto kwa Mungu na hata pilau hatuli," alikuwa akinitania. Nilipomwambia la kiti cha tatu utani ukakatika. Akasema, "Shoga, huo mtindo naujua. Nilipokwenda kumwona kaka yangu mahabusu, askari alikaa hivyo hivyo." Usiku huo sikula. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mwaka ukawa unakwenda ukingoni. Ndipo nikapata wazo, na nikajiona mwerevu kupita kiasi. Mlezi angeweza kukaa na sisi tukiongea. Lakini nani atakaa akimtazama mama anampima mwanawe nguo? Kwetu huku, mwili wa mtoto wa kike haupimwi mbele za watu, mlango hufungwa. Nikatia futi ya kupimia na chaki kwenye mkoba. Sikungoja Jumapili yao. Jumatano asubuhi nikachukua bodaboda pale Nguvumali, nikamwambia kijana anisubiri getini kwa sababu pengine tutarudi watu wawili.

Mlezi alishtuka kuniona. "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia hakuna msiba, nimekuja kupima gauni la nadhiri, kwa kuwa mwanangu hatavaa nguo ya nadhiri iliyoshonwa na mtu mwingine nami ni hai. Niliongeza kwamba kupima kwangu ni kwa faragha. Nilitegemea abishe. Nilikuwa na maneno tayari, makali, nimeyapanga njia nzima.

Hakubisha. Alisema, "Ni haki yako mama," akaenda kumwita. Nikazidi kumshuku. Mtu anayekubali upesi hivyo ameshapanga jambo.

Mwanangu akaja na kilemba chake cheupe, mikono ina unga, nadhani walikuwa wanakanda mikate. Aliiona futi shingoni mwangu. Mlezi akageuka aende, mkono uko kwenye kitasa, na hapo mwanangu akasema, "Sista, naomba ubaki."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mlezi akamtazama. Halafu akasema polepole, "Ni mama yako," akatoka, akavuta mlango. Nikasikia ndala zake zinakwenda barazani, zikasimama.

Nikamshika mwanangu mabega. Nikamwambia sasa hakuna mtu, sema. Wamekutisha? Wamekuapisha? Nilisema kwa Kibondei, haraka haraka, na nikamwambia pikipiki iko nje. Akaanza kulia. Nami nikajua nimepata, machale yangu hayakunidanganya, mtoto alikuwa kifungoni.

"Mama," akasema, "mimi ndiye niliyemwomba awe anakaa."

Nikamuuliza nani.

"Sista. Siku ile ya kwanza ulipokuja nilikwenda kumwomba. Yeye hakutaka, alisema mama hakaliwi hivyo, ataumia. Nikamlilia. Hapa wenzangu wote hukaa na wazazi wao peke yao, waulize."

Nikamwambia amefundishwa kusema hivyo. Nilimkodolea macho usoni nitafute mahali pa uongo, na huyu nimemzaa, uongo wake naujua unapokaa, kwenye kidevu. Kidevu kilikuwa kimetulia.

Akaketi. Alisema maneno mengi, mengine sikuyasikia kwa sababu masikio yalikuwa yananivuma. Haya niliyasikia: "Tukiwa wawili sijawahi kukukatalia kitu, mama. Hata kimoja. Ukianza na Kibondei ndiyo kabisa, nakuwa mtoto. Kule kanisani nilimwomba paroko asimame nami kwa sababu hiyo hiyo. Sasa umenipata peke yangu. Ukisema twende nitapanda hiyo pikipiki. Nitakaa na wewe, nitashona vifungo, duka tutafungua. Na kila siku nitakuwa nakuangalia, mama, sitakusamehe, wala sitakwambia."

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa kakaa na mikono yake yenye unga mapajani, anangoja amri, na niliiona kweli yake yote: neno moja tu, twende, na angeinuka. Nilikuwa nimekuja kuvunja kifungo, na kumbe aliyeogopwa mle ndani nilikuwa mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, hilo nimewaambia watu mara ngapi, kila mara nikimsema mwingine.

Na neno lilikuwa mdomoni. Sitaki kudanganya. Nilifikiria chumba changu, sufuria ya mtu mmoja, cherehani linavyonyamaza ninapoliacha jioni. Nilifikiria kwamba chuki ya mtoto aliye karibu pengine inavumilika kuliko upendo wa mtoto aliye mbali. Mama mwingine atanihukumu, na ahukumu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na yule sista kwa kuwa hakuwa mbaya kama nilivyomtaka awe. Mtu mbaya ningemweza.

Nilisimama hivyo mpaka yule kijana wa bodaboda akapiga honi getini. Mwanangu aliposikia honi akajifuta uso na upande wa mkono, unga ukabaki shavuni, akaanza kuinuka kwenye kiti. Sikuwa nimesema lolote. Alikuwa anainuka tu.

Nikamwambia kaa.

Nikaenda kufungua mlango. Mlezi alikuwa kasimama mbali kidogo kwenye nguzo, hakuwa anasikiliza, au kama alikuwa anasikiliza alifanya kwa heshima. "Sista," nikamwambia, "njoo ukae."

Akasema, "Mama, si mnapima?"

"Njoo ukae kwenye kiti chako."

Aliingia, akaketi, hana hata uzi wa kufuma safari hii, hajui mikono aiweke wapi. Nami nikaketi. Nikamwangalia mwanangu, nikabadilisha kwa Kiswahili, Kiswahili cha wazi ambacho hata mtu wa bara anakielewa.

"Mwanangu, bodaboda iko nje. Tunarudi nyumbani?"

Akamtazama sista. Sista akatazama sakafu. Akanirudia mimi.

"Hapana, mama."

Ilinichoma, na inanichoma hadi leo. Lakini katika umri wake wote nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, na nilipolisikia nilimwomba alirudie.